Amana ya Mzee Aliyehama

Swali la nini anachodaiwa mtu na nchi yake baada ya kuihama, na nini nchi hiyo inachodaiwa naye, limewashughulisha wanafalsafa tangu zama za Wagiriki, lakini kwa wastaafu wa Marekani wanaokwenda kumalizia uzee wao nje swali hilo halibaki darasani, bali huingia kila mwezi katika akaunti ya benki. Katika mji wa Ajijic, ukingoni mwa Ziwa Chapala katika jimbo la Jalisco nchini Meksiko, wanaishi maelfu ya wastaafu kutoka Marekani na Kanada waliovutwa na hali ya hewa ya wastani na gharama za maisha zinazoendana na pensheni ya mtu wa kawaida. Mmarekani kati yao hana kura katika mji anakonunua mkate na dawa, bali anayo katika jimbo aliloliaga, pengine miaka ishirini iliyopita, ambako hana tena nyumba wala gari. Kura hiyo huweza kuitwa haki, au hisani, au mzigo. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba jina linaloifaa zaidi ni amana, yaani kitu cha mwingine kilichowekwa mikononi mwa mtu akitunze, ambacho hana ruhusa ya kukitumia kana kwamba ni chake peke yake.

Aristotle, katika kitabu cha tatu cha Siasa, alikataa kwamba kukaa mahali ndiko kunakomfanya mtu kuwa raia, kwa sababu wageni na watumwa nao hukaa mahali hapo hapo. Raia kwake ni yule anayeshiriki katika kuhukumu na kutawala. Neno hilo alilijua kwa maisha yake mwenyewe, maana yeye, mzaliwa wa Stagira, aliishi Athens miaka mingi akiwa metiki, jina walilopewa wageni wakaazi ambao kila mwanamume wao alitozwa drakma 12 kwa mwaka na hakuruhusiwa kupiga kura. Mstaafu wa Ajijic naye ni metiki wa Meksiko, kwani ibara ya 33 ya katiba ya nchi hiyo inawakataza wageni kujiingiza kwa namna yoyote katika mambo yake ya siasa. Ila huyu amekuja na uraia wake kutoka nyumbani, na uraia huo una pande mbili zinazomfuata popote aendapo, kodi upande mmoja na kura upande wa pili.

Upande wa kodi ndio unaojulikana zaidi, na ndio unaouma zaidi. Marekani ni miongoni mwa nchi chache mno zinazotoza kodi ya mapato kwa kufuata uraia wa mtu badala ya makazi yake, desturi yenye mizizi katika sheria za miaka ya 1860, wakati wa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe, na iliyopewa msingi wa hoja na Mahakama ya Juu mwaka 1924, katika shauri la George Cook, Mmarekani aliyeishi Mexico City na mali yake ikiwa huko. Cook alidai kwamba serikali isiyolinda mali yake haiwezi kuitoza. Mahakama ikajibu kwamba serikali, kwa asili yake, humfaidi raia na mali yake popote vilipo, na kwa hiyo ina haki ya kumtoza popote alipo. Katika Krito ya Plato, Sheria za Athens zinamwambia Sokrate kwamba asiyependezwa nazo alikuwa huru siku zote kuchukua vitu vyake na kuondoka, na kwamba kukaa kwake kwa miaka 70 ndiyo ahadi yake kwao. Sheria za Marekani zinasema jambo lingine kabisa: ondoka na vitu vyako, lakini daftari la madeni litaondoka pamoja nawe. Hata kulifunga daftari hilo kuna gharama, kwani ada ya kuukana uraia ilipandishwa mwaka 2014 kutoka dola 450 hadi 2,350.

Daftari hilo lina kurasa nyingi. Raia ambaye jumla ya fedha zake katika benki za nje imevuka dola 10,000 hata kwa siku moja ya mwaka sharti aitolee taarifa serikali, na sheria ya mwaka 2010 inazibana benki za dunia nzima ziwataje wateja wao Wamarekani, la sivyo zikatwe asilimia 30 ya baadhi ya malipo yanayotoka Marekani, jambo lililozifanya baadhi ya benki ziwafungie milango wateja wa namna hiyo. Ukali wa kanuni hizi ulionekana katika shauri la Alexandru Bittner, aliyerudi kuishi Romania na kuchelewa kutoa taarifa za miaka mitano: serikali ilimdai dola milioni 2.72 kwa kuhesabu kila akaunti, mpaka mwaka 2023 Mahakama ya Juu iliposema adhabu ihesabiwe kwa taarifa, si kwa akaunti, na deni likashuka hadi dola 50,000. Mkenya au Mtanzania aliyepata uraia wa Marekani kisha akarudi kustaafia Kisii au Moshi ameingia katika kanuni hizi hizi, na wengi huzijua wakati barua ya kwanza ya madai imeshafika.

Jibu alilopewa Cook lina udhaifu ambao mstaafu huuona kila anapougua. Medicare, bima ya afya ya wazee iliyoanzishwa mwaka 1965 na kugharamiwa kwa sehemu na makato ya mishahara, kwa kawaida hailipi matibabu yanayotolewa nje ya Marekani, hivyo aliyeichangia miaka 40 hulipa mwenyewe hospitalini Guadalajara. Sehemu ya bima hiyo inayolipia madaktari ilikuwa na ada ya kawaida ya dola 185 kwa mwezi mwaka 2025, na mwenye haki nayo asiyejiunga kwa wakati huongezewa asilimia 10 kwa kila mwaka mzima aliokaa nje ya mpango, nyongeza isiyokoma kwa kawaida. Aliyekaa Meksiko miaka minane bila kuilipia, kisha akarudi kwa sababu moyo umedhoofika, angetakiwa kwa viwango hivyo kulipa dola 333 badala ya 185, mwezi baada ya mwezi mpaka kufa. Ni vigumu kumweleza mzee huyo kwamba serikali, kwa asili yake, imemfaidi popote alipo.

Kama faida haitoshi kuwa kiungo kati ya mstaafu na nchi yake, huenda kiungo ni mali: amechangia, basi anachopokea ni chake. Wastaafu wengi huamini hivyo, na imani hiyo ina heshima ndani yake, kwa kuwa inamwondolea mzee aibu ya kuonekana ombaomba. Sheria, hata hivyo, haiiungi mkono. Ephram Nestor aliingia Marekani kutoka Bulgaria mwaka 1913, akafanya kazi na kuchangia Hifadhi ya Jamii, mfuko wa taifa wa pensheni, kuanzia 1936 hadi alipostaafu mwaka 1955 na kuanza kupokea dola 55.60 kwa mwezi. Mwaka uliofuata alifukuzwa nchini kwa sababu katika miaka ya 1930 aliwahi kuwa mwanachama wa Chama cha Kikomunisti, na mafao yake yakakatwa. Shauri lake lilifika Mahakama ya Juu mwaka 1960, na majaji watano dhidi ya wanne wakaamua kwamba mchango haumpi mtu haki ya umiliki juu ya mafao, kwa kuwa Bunge lilijiwekea tangu mwanzo uwezo wa kuibadili sheria hiyo. Nestor hakuwa raia, lakini kanuni iliyotamkwa katika shauri lake inawahusu raia pia: pensheni ya kila Mmarekani, awe Ohio au Ajijic, imesimama juu ya neno la Bunge.

Hapo ndipo hesabu ya fedha inapogeuka kuwa swali la maadili. Mtu wa kwanza kupokea pensheni ya kila mwezi, Ida May Fuller wa jimbo la Vermont, alikuwa amechangia dola 24.75 tu alipoandikiwa hundi ya dola 22.54 mnamo Januari 1940, na kwa kuwa aliishi hadi miaka 100, alipokea jumla ya dola 22,888.92. Fedha hizo hazikuwa zake kwa maana ya akiba iliyokuwa ikimngoja kabatini. Zilitoka kwa waliokuwa wakifanya kazi wakati huo, kama ambavyo leo kila mwajiriwa hukatwa asilimia 6.2 ya mshahara, hadi kiwango fulani, na mwajiri wake huongeza kiasi hicho hicho, na sehemu kubwa ya makato hayo haikai bali hupitiliza kwenda kwa wazee. Anayepakia mizigo usiku katika ghala la Ohio ndiye anayemlisha mzee wa Ajijic. Kinachowaunganisha ni ahadi: wewe uliwalisha waliokutangulia, sisi tutakulisha wewe, na watakaozaliwa watatulisha sisi. Ahadi ya namna hii si mali, kwa maana haiuzwi wala hairithishwi kama shamba, na si sadaka, kwa maana anayeipokea alikwisha kutimiza sehemu yake. Kwa kuwa mahakama zimekataa kuilinda kama mali, haina mlinzi mwingine ila sauti za wanaohusika.

Sauti hiyo, kwa raia aliyehama, ililindwa na sheria ya mwaka 1975 na ile ya mwaka 1986, zinazoyataka majimbo kumruhusu raia aliye nje apige kura katika jimbo alilokaa mara ya mwisho, na nyongeza ya mwaka 2009 inayoagiza karatasi za kura zilizoombwa mapema zitumwe siku 45 kabla ya uchaguzi wa kitaifa. Mpango huo una kasoro moja ambayo haieleweki kwa akili ya kawaida: Mmarekani akihamia Paris haipotezi kura yake ya kumchagua rais, lakini akihamia Puerto Rico, ardhi iliyo chini ya bendera ya Marekani yenyewe, anaipoteza.

Pingamizi kubwa dhidi ya kura ya aliye mbali ni kwamba anaamua mambo ambayo hayatamgusa. Hatapita katika barabara itakayoachwa na mashimo, wala mjukuu wake huenda hasomi katika shule itakayokosa walimu. Pingamizi hili lina uzito, na sheria yenyewe imelisikia nusu, kwani majimbo mengi humpa asiyekusudia kurudi karatasi ya kura ya viongozi wa kitaifa pekee, bila meya wala bodi ya shule. Mgawanyo huo ni wa busara: barabara ni ya wanaoipita, ahadi ni ya wote walioiingia. Na katika mambo ya kitaifa si kweli kwamba mstaafu haguswi. Pensheni ya dola 2,000, iliyoleta takriban peso 40,000 katikati ya mwaka 2022, haikufika peso 34,000 mwezi Julai 2023, tofauti inayotosha kumlipa mtumishi wa nyumbani au kununua dawa za shinikizo la damu; na wadhamini wa Hifadhi ya Jamii walikadiria mwaka 2025 kwamba akiba ya mfuko wa wazee itakwisha mwaka 2033, na makato yatakayoendelea kuingia yatatosha kulipa asilimia 77 tu ya mafao, Bunge lisipofanya kitu.

Lakini hapo hapo ndipo hatari ilipo. Mzee anayepiga kura kwa ajili ya hundi yake peke yake, akataka makato ya kijana yapandishwe bila kujali kama kijana huyo anaweza kupanga hata chumba kimoja, ameichukua amana akaila. Uzito wa kura hizi si wa kudharauliwa: Florida, mwaka 2000, kura zilizotoka ng'ambo, nyingi zikiwa za wanajeshi, zilipandisha uongozi wa George W. Bush kutoka kura 300 hadi 930, katika jimbo lililoamua urais kwa kura 537. Aliye mbali anapaswa kujiuliza swali ambalo aliye karibu hujibiwa na mazingira yake bila kuuliza: wanaonilisha wanaishije? Umbali haumnyimi haki ya kupiga kura, bali unamdai kazi zaidi kabla ya kuipiga, kazi ya kusoma, kupiga simu kwa jamaa waliobaki, na kuwasikiliza wale asiokubaliana nao.

Anadaiwa pia na wenyeji wake. Katika sura ya 29 ya kitabu cha Yeremia, nabii anawaandikia mateka wa Babeli wajenge nyumba, wapande bustani, na wautakie heri mji waliomo, kwa kuwa heri yao imo katika heri ya mji huo. Mstaafu si mateka, amekuja kwa hiari na kwa dola, na kwa sababu hiyo agizo hilo linamwelemea zaidi. Pale ambapo tangazo la nyumba ya kupangisha limeandikwa kwa dola, mwalimu au muuza samaki aliyezaliwa mji huo huo hulazimika kutafuta chumba mbali na ziwa. Ibara ya 33 inamzuia mgeni kuingia katika siasa. Haimzuii kulipa ujira wa haki, kujifunza Kihispania, wala kukataa kununua nyumba ya tatu.

Wastaafu walio nje hutumiwa fomu, kwa wengi mara moja kila mwaka au kila miaka miwili, inayouliza kama bado wako hai, zoezi ambalo kwa msomaji wa Tanzania halina tofauti kubwa na uhakiki wa wastaafu. Isiporudishwa mafao husimama, na asiyeweza tena kuandika huweka alama ya X mbele ya mashahidi wawili. Fomu ya kura haimfuati mtu mpaka mlangoni. Sharti aiombe mwenyewe, na inashauriwa aiombe upya kila mwaka. Na kwa makadirio ya serikali yenyewe, katika uchaguzi wa mwaka 2020 raia walio nje wenye umri wa kupiga kura waliopiga hawakufika mmoja katika kila kumi.