Jina la Mtoto Mwanamume: Asili Yake na Maana Yake

 

Ndugu zangu Waislamu, limeletwa darasani suali la ndugu mmoja wa Kisauni, Mgiriama aliyesilimu. Amejaaliwa mtoto mwanamume, na kwa desturi ya wazee wake mjukuu hurithi jina la babu mzaa baba. Babu huyo ni Charo. Jirani wakamwambia kuwa Charo ni jina la kikafiri, na kwamba asipomtafutia mtoto jina la Kiarabu akika yake ni bure. Anauliza kama ni kweli.

Jawabu ni kuwa si kweli. Waliomwambia hivyo wamechanganya asili ya jina na maana yake, na sharia inaangalia maana.

Chukueni majina ya Mitume: Ibrahim, Ismail, Is-haka, Yaakub, Yusuf. Kila aliyesoma nahau akafika mlango wa majina yasiyotiwa tanwini amefundishwa sababu yake: majina hayo ni ya kiajami, yaani asili yake si Kiarabu. (Nuhu na Lut ni ya kiajami vilevile, ila yametiwa tanwini kwa wepesi wa herufi zake tatu.) Basi sisi tunaoyapenda majina haya tunawaita watoto wetu kwa majina ya kigeni kila siku, wala hatuoni haya. Mtume (s.a.w.) mwenyewe alipozaliwa mtoto na Mariya Mkibti alimwita Ibrahim, na mama yake akabaki na lile jina lake la Mariya alilotoka nalo Misri. Upande wa pili yuko Abu Lahab. Jina lake khasa lilikuwa Abdul-Uzza, Kiarabu kitupu, na maana yake ni mja wa sanamu liitwalo Uzza. Kiarabu chake kimemfaa nini?

Sasa turudi kwa Charo. Kwa Kigiriama neno hili ni safari. Mtoto huitwa hivyo kwa kuzaliwa wakati wa safari, kama sisi tumwitavyo Juma au Hamisi kwa siku yake, na Rajabu au Ramadhani kwa mwezi wake. Hamna ndani yake ibada ya sanamu wala tusi. Na wazee wetu Waswahili hawakuona dhiki katika jambo hili. Malenga mkubwa wa Mvita aliitwa Muyaka, babaye akiitwa Haji. Aliyetunga Utendi wa Tambuka kule Pate mwaka 1728, utendi wa kumsifu Mtume na vita vyake, aliitwa Mwengo bin Athumani. Nani leo atasimama awatoe hawa katika Uislamu kwa majina yao?

Hata hivyo, mlango huu tusiufungue tukauacha wazi. Jina bora ni lile lenye kumnasibisha mtoto na Mola wake, na imepokewa kuwa yapendezayo zaidi mbele ya Mwenyezi Mungu ni Abdallah na Abdulrahman. Ndugu yetu akitaka kumwita mwanawe hivyo ni kheri kubwa. Tunalolikataa sisi ni kulazimishwa kwa hoja ya uwongo. Wako pia wanaodhani kuwa kila neno lililomo katika Qur'ani lafaa kuwa jina, wakachagua kwa utamu wa sauti bila kuuliza maana. Firauni naye yumo, na Karuni yumo.

Na humu mwetu, tena kwa watu wasiosilimu jana, mna majina yanayostahiki kulaumiwa kuliko Charo. Mama amepata mateso katika uzazi, au nyumba imekosa riziki mwaka ule, mtoto akaitwa Taabu, au Shida, au Mashaka, au Majuto. Taabu ya wazazi huisha, na mtoto akabaki kuitikia jina lake mpaka mvi zimtoke. Mtume (s.a.w.) alimkuta mwanamke aitwaye Asiya, yaani muasi, akamwita Jamila. Wengine humpa mtoto jina jema kisha wakaliharibu kwa kulikata. Abdulrahman huwa Rahmani, wakamwondolea uja wakambakishia sifa ya Mola wake. Au huwa Abdu, nawe ukauliza: mja wa nani?

Baya kuliko yote ni hili la "jina zito". Mtoto analia usiku na mwili una moto, akapelekwa kwa mtu wa falaki. Huyo huhesabu herufi za jina la mtoto na la mamake, akasema jina limemwelemea, libadilishwe. Likabadilishwa, na homa ikabaki pale pale. Mtoto mwenye homa hupelekwa hospitali, ndugu zangu, na siku moja ya kungoja jina jipya limkubali yaweza kuwa siku yake ya mwisho.

Yako mengine aliyoambiwa ndugu yetu. Kwamba yeye mwenyewe aliache jina la babaye, ajiandikishe "bin Abdallah" kwa kuwa mzee Charo hakusilimu. Hili halijuzu. Mwenyezi Mungu katika Sura ya Al-Ahzab, aya ya 5, ameamrisha watu waitwe kwa baba zao. Mtume wetu alikuwa katika kizazi cha Abdu Manafi, na Manafi ni sanamu, na hakuificha nasaba yake wala hakuigeuza. Mtu hubadilisha jina lake, la babaye si lake.

Ama aliyekwisha kuitwa Taabu au Mashaka, hata akiwa mtu mzima yafaa abadilishe, wala asiseme nimezoea. Babu yake Said bin Al-Musayyab aliitwa Hazn, maana yake ugumu. Mtume (s.a.w.) akamwambia awe Sahl, yaani wepesi. Akakataa, akasema hatabadilisha jina alilopewa na babaye. Imo katika Sahihi ya Bukhari kuwa Said, mjukuu wake, aliyekuwa katika wanavyuoni wakubwa wa Madina, alikuwa akisema kwamba ugumu ule haukuwatoka watu wa nyumba yao.

Wallahu aalam.