Saa ya Zamani, Kovu la Nani?

Sisi tunaosema Kiswahili tumezoea kutouamini sana uso wa saa. Mshale mfupi uko kwenye 7, nasi tunasema ni saa moja, maana hesabu yetu ya mchana huanza jua linapochomoza. Hata mtoto wa darasa la pili anajua kwamba namba iliyoandikwa ni kitu kimoja na jambo lenyewe ni kingine. Nimeanzia hapo kwa sababu swali langu linahusu nyuso za saa, zile saa ghali za zamani ambazo wenye fedha huzikusanya. Swali ni hili: kitu kikishazeeka, kukitunza ni kukirudisha katika upya wake au ni kukiacha na makovu yake? Na makovu hayo ni ya nani?

Mpelekee fundi saa wa mtaani saa iliyochakaa. Atakuhudumia kwa moyo safi. Kasha atalipiga msasa ling'ae, kioo atakisugua, na akiona uso umebabuka atakushauri utiwe mwingine. Kwake ni aibu kumrudishia mteja kitu kikuukuu. Lakini kwenye minada ya Geneva na New York mambo ni kinyume kabisa. Kuna saa za Rolex na Omega za miaka ya 1950 na 1960 zilizotoka kiwandani na uso mweusi. Rangi yake haikuwa imara, basi jua likaichoma mwaka baada ya mwaka mpaka ikawa kahawia kama chokoleti. Wakati ule ilikuwa hitilafu tu. Leo wakusanyaji wanaziita saa za kitropiki, nao wako radhi kuzilipia kuliko zile zilizobaki nyeusi. Utunzaji wao una sheria: mashine isafishwe na itiwe mafuta, unyevu uwekwe mbali, lakini kasha lisipigwe msasa na uso usiguswe hata kwa brashi.

Mfano unaojulikana kuliko yote ni Rolex Daytona ya mcheza sinema Paul Newman. Uso wake una viduara vitatu vyenye vimraba vidogo, mtindo ambao ulipotoka haukuwa na wanunuzi wengi. Mkewe, Joanne Woodward, ndiye aliyempa, na nyuma akachongesha maneno ya kumsihi aendeshe gari kwa uangalifu, kwa kuwa bwana huyo alipenda mashindano ya magari. Mwaka 1984 Newman akampa kijana aliyekuwa rafiki wa binti yake. Oktoba 2017 saa hiyo ikauzwa New York kwa dola milioni 17.75.

Hapo ndipo washikaji wa kijiweni wanaponirukia. Eti bwana, dola milioni 17 kwa saa! Hizo si ni shule ngapi? Na wana hoja nyingine kali zaidi: watu hao hao wanaopenda mikunjo ya saa hawataki kumwona mzee mwenye mikunjo akikaa mezani kwao. Sina haja ya kuwatetea matajiri. Lakini nadhani ndani ya ile sheria ya kutougusa uso kuna wazo la maana kuliko bei. Sheria hiyo inasema kwamba yaliyotokea yametokea, na aliyekuja baadaye hana haki ya kuyafuta ili apate raha ya macho. Ndiyo maana matapeli wanaooka nyuso za saa kwenye moto ili ziwe kahawia wanachukiwa kuliko wanaouza saa mbovu. Kovu la uongo ni uongo mara mbili.

Sasa tulipime wazo hilo mahali pagumu. Sultani Qaboos, aliyetawala Oman tangu 1970 hadi 2020, alikuwa akitoa zawadi ya saa za Rolex zenye alama ya jambia la Oman usoni. Baadhi zilikwenda kwa askari Waingereza waliompigania katika vita vya Dhofar, vilivyomalizika 1976. Leo jambia hilo dogo linapandisha bei sana. Mkusanyaji anaona pambo adimu. Aliyepewa aliona shukrani. Na mtu wa Dhofar aliyekuwa upande wa pili, ataona nini?

Pagumu zaidi ni kwenye ile rangi iliyokuwa inang'aa gizani. Panerai ya Florence, kwa mashine na makasha ya Rolex, ilitengenezea jeshi la majini la Italia saa za wapiga mbizi zenye uso wa bamba mbili. Bamba la juu lilikatwa namba, na katikati ikawekwa radiamu ili mwanga upenye. Mkusanyaji akiiona hulegea magoti. Lakini radiamu ina historia. Katika mji wa Orange, New Jersey, tangu 1917, wasichana waliajiriwa kupaka rangi hiyo kwenye nyuso za saa. Walifundishwa kuichongoa brashi kwa midomo yao. Kila namba, mdomoni. Kila mshale, mdomoni. Mifupa ya taya ikaoza, wengi wakafa. Mwaka 1927 watano, akiwamo Grace Fryer, waliishitaki kampuni, na mwaka 1928 wakalipwa fidia nje ya hukumu. Grace alifariki 1933.

Saa za rangi hiyo haziwaki tena, kwa sababu ile kemikali iliyopokea nguvu ya radiamu na kutoa mwanga imechakaa. Radiamu yenyewe ipo: huchukua miaka 1,600 hivi kupungua nusu. Uso umezimika, sumu iko macho.

Basi mkusanyaji anayesema "usifute kitu" hawezi kuchagua. Huwezi kulisifu kovu la jua na kulinyamazia kovu la taya. Kuna wanaosema saa za namna hiyo zikwanguliwe na kupakwa rangi salama. Kwa anayetaka kuivaa kila siku, sawa, na kazi hiyo aifanye mtaalamu, kwani vumbi lake ni hatari kulipumua. Lakini zilizobaki nzima mimi nasema ziachwe zimefungwa, zisifunguliwe ovyo, na kando yake yaandikwe majina ya waliozipaka rangi, kama tunavyoandika jina la mcheza sinema aliyeivaa. Bila hivyo, kutunza kunakuwa kujipamba kwa maumivu ya watu wengine.

Nayaandika haya kwa sababu nasi tunaojifunza kuandika riwaya tunashika kazi ya fundi huyo. Bibi anakusimulia maisha yake. Unaona hapa pamebabuka, pale hapapendezi, mkono unakuwasha kupiga msasa. Au kinyume chake, unapenda tu mateso yake kwa vile yanapendeza kwenye karatasi, halafu jina lake humo halimo. Kabla hujapeleka mswada, hebu uliza: kovu hili nimelipata kwa nani, na je, mwenyewe nimemtaja?