Nani Atafunga Mlango Usiku?

Kila kazi njema ya mwanadamu ina saa yake ya kuanza na saa yake ya kukoma. Mkulima hutua jembe jua linapozama. Soko la Kamina hutawanyika jioni, na wauzaji hufunga mizigo yao. Hata gari la moshi, lililokuwa likipita Kamina tangu zama za B.C.K., lina kituo chake cha mwisho. Lakini siku hizi kiko kitu kisichojua kuchoka wala kukoma, nacho ni picha za televisheni na za simu. Je, ni nani mwenye wajibu wa kuzikomesha? Swali hili laonekana dogo, kumbe ndani yake mna swali kubwa: uhuru wa mwanadamu ni kitu gani?

Na ichukuliwe habari ya nyumba moja, iliyo mfano wa nyumba nyingi. Katika kijiji kimoja kando ya barabara iendayo Kamina, baba mmoja alinunua simu yenye picha. Usiku aliiacha nyumbani, naye mwanawe wa miaka kumi na miwili akaitazama. Usiku mmoja bibi wa mtoto huyo, aliyekuwa mgonjwa, aliomba maji. Aliita mara ya kwanza, mara ya pili, na mara ya tatu. Mtoto alikuwa hatua tano tu kutoka kitanda chake, lakini alikuwa ametia nyuzi za simu masikioni, wala hakusikia neno. Asubuhi bibi akamwambia baba wa mtoto, pasipo hasira: "Mwanangu, usiku nyumba ilijaa watu wa mbali, nami sikupata mtu wa karibu."

Baba akaona haya. Akasema: "Kosa ni la wale wanaopeleka picha usiku kucha. Serikali iwaamuru wafunge!"

Neno la baba huyo si upuuzi, kwa maana iko nchi iliyowahi kufanya hivyo. Shirika la utangazaji la Uingereza, yaani BBC, lilianza televisheni yake mjini London mwaka 1936. Vita vilipoanza mwaka 1939 ilifungwa, ikafunguliwa tena mwaka 1946. Katika miaka ya 1950 siku ya televisheni hiyo ilikuwa kama shamba lenye ua. Sehemu kubwa ya mchana haikuwa na kipindi. Viliwekwa vipindi vifupi vya watoto wadogo, ambavyo tangu mwaka 1953 viliitwa Watch with Mother, maana yake "Tazama pamoja na Mama". Jina lenyewe lilimwagiza mama aketi karibu na mtoto wake. Alasiri vilifuata vipindi vya watoto wakubwa kidogo. Kisha, ilipofika saa kumi na mbili jioni, picha zilikatika muda wa saa nzima, mpaka saa moja ya usiku, ili wazazi wawalaze watoto wao pasipo ugomvi. Baadaye watu wazima walipata habari, michezo na muziki. Usiku ulipoendelea, wimbo wa taifa ulipigwa, vipindi vikakoma, na watu wakaenda kulala. Tena serikali yenyewe iliweka kipimo cha saa za kutangaza, na kipimo hicho hakikuondolewa mpaka mwaka 1972.

Lakini ile saa tupu ya watoto haikudumu. Mwaka 1955 ilianza televisheni ya pili, ITV, iliyoishi kwa fedha za matangazo ya biashara. Na saa tupu haileti fedha. Charles Hill, waziri aliyesimamia posta na utangazaji, naye aliona kwamba kumlaza mtoto ni kazi ya wazazi, wala si kazi ya serikali. Basi mwezi wa Februari 1957 mlango ule ulifunguliwa, na siku ya Jumamosi tarehe 16 saa ile ikajazwa na muziki wa vijana. Hatimaye, mwezi wa Novemba 1997, BBC One nayo iliacha kufunga usiku.

Yafaa kupima jambo hili kwa makini. Hamu ya fedha iliusukuma mlango, lakini neno la waziri lilikuwa neno la kweli. Mtu mwenye hekima halikatai neno la kweli kwa sababu tu limewafaa wafanya biashara. Kweli ni kwamba mtoto ana baba na mama kabla ya kuwa na serikali.

Mtu aweza kujibu: "Wazazi ni wadhaifu. Heri wakubwa washike mlango." Watu wa Kongo wanajua jibu la neno hili, kwa maana walilionja. Televisheni ya nchi yao ilianza Kinshasa mwezi wa Novemba 1966, mwaka mmoja baada ya Mobutu kutwaa madaraka. Nchi ilipoitwa Zaire, habari za jioni zilitanguliwa na picha ya uso wa Rais ukitokea mawinguni, kana kwamba anashuka kutoka mbinguni. Mawinguni Mkristo humngojea Mmoja tu, wala Huyo hatengenezwi na fundi wa picha. Siku zile televisheni haikukosa bawabu; alikuwapo, tena mwenye nguvu nyingi. Lakini bawabu huyo aliisimamisha sanamu yake mwenyewe mlangoni. Mwezi wa Mei 1997 Mobutu aliikimbia nchi, na utawala wake ukakoma. Basi bawabu wa mbali aweza kumhurumia mtoto, kama ilivyokuwa London. Aweza pia kujifanya mungu. Asiyelinda mlango wake mwenyewe hupokea lolote atakalo bawabu.

Wengine husema: "Dawa ni moja, simu zivunjwe." Hao nao wamekosa. Simu huleta habari ya ndugu aliye mgonjwa Lubumbashi, na mtu akapata kumsaidia. Kisu hukata mkate, hukata na mkono; hakuna atupaye kisu. Kanisa nalo halikuihukumu televisheni kuwa kitu kibaya. Mwaka 1958 Papa Pius wa XII alimtangaza Mtakatifu Klara wa Assisi, rafiki wa Mtakatifu Fransisko, kuwa msimamizi wa televisheni. Sababu yake ni hii: husimuliwa kwamba usiku mmoja wa Noeli Klara alikuwa mgonjwa kitandani, asiweze kwenda kanisani, naye akajaliwa kuona na kusikia ibada iliyofanywa mbali naye. Na izingatiwe tofauti. Klara alionyeshwa wale asioweza kuwafikia kwa miguu. Mtoto wa nyumba ile aliwatazama walio mbali, akamwacha aliye hatua tano. Hicho ndicho kipimo cha picha: je, inamleta jirani karibu, au inamficha?

Basi uhuru ni nini? Vijana wengi hudhani uhuru ni nyumba isiyo na mlango. Lakini nyumba isiyo na mlango si huru. Ni njia ya kila mpitaji, ya mbuzi na ya mwizi. Mtu huru ni yule mwenye ufunguo mkononi, afunguaye kwa sababu na kufunga kwa sababu. Moto huteketeza kuni mpaka ziishe, maana hauna akili ya kujizuia. Mwanadamu aweza kusema "yatosha" wakati kuni zingali nyingi. Anayeweza kusema neno hilo ni bwana wa nafsi yake. Asiyeweza ni mtumwa, hata kama hakuna amfungaye kamba.

Mtoto bado hajapewa ufunguo huo; wazazi humshikia mpaka akue. Samaki mkunje angali mbichi. Amri ya nne, iwaagizayo watoto kuwaheshimu wazazi, huwapa wazazi nao mzigo: wawe watu wa kuheshimiwa.

Hapo ndipo habari ya nyumba ile inaporudi. Baba alipokwisha kuilaumu serikali, mama yake alimwuliza: "Nawe, mwanangu, usiku ule ulikuwa wapi?" Hakujibu. Alikuwa amekwenda kwenye nyumba ya video, akitazama mpira mpaka usiku wa manane.

Akafikiri siku nzima. Jioni alitundika kikapu juu ya mlango, akaitia simu ndani yake kwa mkono wake mwenyewe, mbele ya watu wote wa nyumbani. Akaagiza kwamba haitatolewa mpaka bukari imeliwa, sala imesomwa, na bibi amepewa maji. Tena saa ya watoto kulala ikifika, itarudi kikapuni. Siku ya kwanza mtoto alinuna. Siku ya pili alimwuliza bibi yake habari za zamani, kwa kuwa hakuwa na jambo lingine la kufanya. Lakini jioni moja ya mpira baba mwenyewe alisahau, akakaa na simu wakati wa chakula. Mtoto akasema kwa sauti ndogo: "Baba, kikapu." Baba angaliweza kukasirika, maana neno la mtoto huchoma. Akanyamaza kidogo, akainuka, akaiweka.

Maswali ya kujiuliza jioni:

1. Katika nyumba yako, ni nani asemaye "yatosha", naye hulitii neno hilo mwenyewe?

2. Usiku wa jana, ni nani aliyekuita, nawe hukumsikia?

3. Kama serikali ingefunga picha zote leo, je, wewe ungekuwa mwema zaidi, au ungekuwa tu mtu aliyekosa picha?