Kalamu Katika Mfuko wa Jirani

Kila anayeandika juu ya fedha za nyumbani hufikiwa na siku ambayo hana jipya la kusema. Hekima yenyewe ni chache, na Waswahili walikwisha kuimaliza kabla yetu. Akiba haiozi. Haba na haba hujaza kibaba. Kukopa harusi, kulipa matanga. Ukiongeza kwamba dawa ya deni ni kulipa, umekwisha kutoa somo zima la matumizi na mikopo kwa maneno yasiyojaza kiganja. Vile vitabu vya kutajirika vinavyouzwa katika viwanja vya ndege, aghalabu, ni methali hizi hizi zilizorefushwa.

Basi mapya yatoke wapi? Hutoka kwa watu. Hapa Maskati mwenye sikio hakosi mada. Atakaa katika sebule ya jirani huko Sib, kahawa na halua mbele yake, au atasimama kwenye foleni ya duka la kubadilisha fedha Ruwi siku chache baada ya mishahara kuingia, na atasikia zaidi ya anavyohitaji: mshahara uliokatwa na benki kabla mwenyewe hajauona, gari lililonunuliwa ili mkwe asidharau, mjomba aliyetia saini ya udhamini kwa kuona haya kukataa, ndugu wa Unguja anayetumiwa kila mwezi na anayedhani riali huokotwa ufukweni. Hizi ndizo habari zenye uhai. Ushauri bila mtu ndani yake ni kama mchuzi bila chumvi. Lakini habari ya deni ni mali ya nani? Je, ni ya aliyekopa, au hata aliyeisikia sebuleni ana haki nayo?

Swali hili ni la zamani. Katika karne ya 9, huko Basra, mji ambao Jabir bin Zayd wa Nizwa aliwahi kufundisha kabla ya hapo, al-Jahiz aliandika kitabu chake juu ya mabahili. Ni kitabu cha kuchekesha, na ndani yake mna watu wanaopima mafuta ya taa na kuhesabu vipande vya nyama. Katika utangulizi anaeleza kuwa baadhi ya habari amezitaja pamoja na wenyewe, na nyingine amezificha wenyewe, ama kwa kuwaogopa ama kwa kuwaheshimu. Kisha anakiri jambo zito zaidi: zipo habari ambazo ukitoa herufi yake moja tu, mwenyewe hujulikana hata kama hukumtaja. Sijui mwandishi mwingine aliyeueleza mtego huu wazi zaidi yake.

Namjua mtu mmoja mwenye nia njema aliyeandika habari ya familia iliyokopa kwa ajili ya harusi. Alibadili majina. Alibadili na mtaa. Alibakisha jambo moja tu, kwa sababu ndilo lililomvutia: kwamba ukumbi ulilipiwa mara mbili, kwa kuwa harusi iliahirishwa kwa msiba na malipo ya kwanza hayakurudishwa. Katika mji wenye watu zaidi ya milioni moja jambo hilo lingeonekana dogo. Lakini Waswahili wa Maskati hawaishi katika mji wa watu milioni. Wanaishi katika kijiji kilichotawanyika baina ya Sib, Al Khuwair na Ruwi, na kila mmoja anajua nani alifiwa wiki ya harusi. Haikupita Ijumaa mbili, familia ile ikajulikana.

Mama wa nyumba hiyo alikuwa katika mchezo wa wanawake kumi na wawili, kila mmoja akitoa riali 50 kwa mwezi. Hakufukuzwa, kwani sisi hatufukuzani. Mchezo ulipoanza upya, hakuambiwa.

Ningependa msomaji alizingatie tukio hili dogo, kwa maana watu hupenda kusema kuwa aibu ni hisia tu, na kwamba tukiishinda haya yetu tutazungumza juu ya fedha kwa uhuru kama wanavyofanya wengine. Katika mchezo, anayepokea zamu ya kwanza huondoka na riali 600 hali yeye ametoa 50 tu. Kwa miezi kumi na mmoja anadaiwa na wenzake wote. Hakuna hati, hakuna hakimu, hakuna rehani ya dhahabu. Kinachowafanya wenzake walale usingizi ni jina lake. Jina ndiyo dhamana. Mwandishi aliyelitikisa jina la mama yule hakumwumiza moyo tu. Alimnyang'anya mtaji, na mtaji ambao benki isingempa kwa masharti yale. Mtu aliye na mshahara mnono na nyumba aliyoandikishwa kwa jina lake anaweza kusimulia madeni yake hadharani na akapigiwa makofi kwa ujasiri. Asiye na kitu ila jina hawezi. Wito wa uwazi, kwa hiyo, haugharimu watu wote sawasawa.

Hata hivyo sikubali kwamba jawabu ni kunyamaza. Sitara humhifadhi mdaiwa, lakini huuhifadhi pia mkataba uliomfunga.

Wazee wa wengi wetu waliotoka Unguja na Pemba waliijua bei ya khiyari. Mwenye shamba aliyehitaji fedha hakukopa kwa riba, kwa kuwa riba ni haramu. Alimwuzia mkopeshaji shamba lake kwa sharti kwamba akirudisha thamani ile ndani ya muda uliowekwa, shamba litamrudia. Katika kipindi hicho alibaki papo hapo, akivuna karafuu zake mwenyewe na kulipa kodi kama mpangaji. Kodi ilifanya kazi ya riba bila kuitwa riba. Mwaka 1872 kimbunga kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, na mwenye shamba lisilo na miti hana cha kurudishia. Wakopeshaji, wengi wao wafanyabiashara wa Kihindi, nao walikuwa na madeni yao Bombay, hivyo hata wao hawakuwa na nafasi kubwa ya kusubiri. Serikali ya kikoloni ilipotunga sheria mwaka 1934 za kuzuia mashamba yasihamie kwa wakopeshaji, madeni yalikuwa yamekwisha kurithiwa na wana na wajukuu.

Mwanahistoria Fahad Ahmad Bishara aliyafuatilia madeni haya ya Oman na Zanzibar katika kitabu alichokitoa mwaka 2017, akisoma hati ambazo wadaiwa waliziandikisha wenyewe. Hati hizo zina majina, pamoja na majina ya baba na kabila, na wajukuu wa watu hao wako hapa Maskati. Je, sitara huisha muda wake? Nadhani huisha, na sababu yake ni ile ile ya mchezo. Kumtaja marehemu aliyeuza shamba lake karne ya 19 hakumtoi mjukuu katika zamu yake. Jina lile halidhamini tena kitu, na lililobaki ni elimu juu ya mkataba.

Tukumbuke pia kwamba aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani, aya ya 282 ya Surat al-Baqara, ni aya ya deni. Inaamrisha deni liandikwe na mwandishi mwadilifu, washuhudie mashahidi, na mwandishi asikatae kuandika wala asidhuriwe. Kuna anayeitaja aya hii kuhalalisha kuandika kila kitu. Mimi naisoma vingine. Yule mwandishi huandika ili wawili wasidhulumiane, na karatasi ikishakauka wino hubaki kwao. Anayewaandikia wasomaji elfu moja anafanya kazi nyingine kabisa, japokuwa tumezoea kuwaita wote wawili kwa neno moja.

Ndiyo maana anayetafuta mada mpya za fedha namshauri aache kuangalia mifuko ya watu, aangalie karatasi wanazotiliwa mbele. Huko hakuna aibu ya mtu, na pia hakujachimbwa. Chukua kutuma fedha nyumbani. Riali ya Oman imefungwa kwa dola, na tangu miaka ya 1980 ni kwa takriban dola 2.6 kwa riali moja, kwa hiyo baina ya riali na dola hakuna mchezo mkubwa. Mchezo uko kati ya dola na shilingi. Tuseme unatuma riali 100, ada iliyobandikwa ukutani ni riali moja na nusu, na bei ya shilingi unayopewa iko chini ya bei ya soko kwa asilimia 2. Umelipa riali moja na nusu uliyoiona, na riali mbili ambazo hukuziona. Au chukua udhamini: wangapi wanajua kuwa mdhamini anaweza kudaiwa deni lote, wala si nusu yake? Makala mbili hizo zina faida kuliko harusi kumi za watu. Nakiri hazisomwi kwa hamu ileile. Ada haina shangazi wala ukumbi.

Na wapo wanaotaka kuandikwa. Hili ndilo linalonisumbua zaidi, kwa kuwa linaivunja kanuni niliyotaka kuijenga. Ruhusa ya mtu mmoja haitoshi pale deni lilipo la nyumba nzima; mke akiruhusu, mume amefichuliwa. Lakini mwanamke aliyetoka Tanga, Mombasa au Kampala kuja kufanya kazi za ndani katika nyumba za hapa hana nyumba ya kuificha. Mmoja wao, ambaye alikatwa mshahara wa miezi ya mwanzo kufidia gharama za wakala ambazo hakuambiwa kabla ya kusafiri, aliniomba mwenyewe niandike. Alitaka wasichana wa kwao waisome hesabu kabla ya kutia dole gumba. Nilimweleza habari ya herufi moja, kwamba mwajiri wake anaweza kumtambua hata nisipomtaja. Alifikiri kwa muda, akaniuliza ni kipi kitakachomtambulisha, kiasi cha fedha au mwezi aliofika. Nikamwambia mwezi, kwa kuwa viwango vya kukatwa hufanana. Tukaandika kiasi, tukaacha mwezi.