Kuvuka Barabara Hanoi



Siku niliyofika Hanoi, mji mkuu wa Vietnam, nilisimama kando ya barabara karibu na Ziwa Hoan Kiem nikashindwa kuvuka. Pikipiki zilimiminika kama siafu: baba kapakia mke na watoto wawili, kijana kafunga mche wa mti nyuma ya kiti. Nilingoja zipungue. Hazikupungua.

Mara bibi mmoja, mzegazega wa matunda begani, akashuka barabarani. Hakukimbia, hakusita, hakurudi nyuma. Alikwenda polepole kwa mwendo ule ule, na kila dereva akamwona, akampisha. Nikamfuata. Ng'ambo nikaketi kwenye kigoda cha plastiki, nikanywa supu ya pho yenye tambi za mchele, mvuke ukinipasha uso.

Msikilizaji, ugeni hutisha ukiutazama kwa mbali. Anayekurupuka huwachanganya wenzake. Anayekwenda kwa utulivu hueleweka, naye hupishwa. Kama leo kuna jambo unaliogopa, anza kwa hatua moja, kisha nyingine. Mwenda pole hajikwai.