Deni la Kinyoya

Swali ninalotaka kulitazama hapa ni jepesi kulitamka, zito kulijibu: je, ni wema kumwonjesha kijana maskini kitu kizuri ambacho hatutaweza kumpa tena? Wengi watasema upesi kwamba kuonja ni bora kuliko kukosa kabisa. Mimi sina haraka hiyo. Nitalifuata swali hili katika mchezo mmoja, mpira wa vinyoya, na katika pande mbili za Dar es Salaam, Kinondoni na Temeke, maana swali la wema lisilo na mahali pa kusimama hujibiwa kwa urahisi mno.

Mpira wa vinyoya hautaki ardhi kubwa. Uwanja wake una urefu wa meta 13.4 na upana wa meta 6.1, makumi ya viwanja kama huo vyaweza kulala ndani ya uwanja mmoja wa kandanda. Wachezaji hawasukumani wala hawaumizani kwa kugongana, na katika Olimpiki, ambako mchezo huu uliingia mwaka 1992, tangu mwaka 1996 mwanamume na mwanamke husimama pamoja upande mmoja wa wavu. Kwa sifa hizi mtu angedhani kwamba Tandale na Tandika, ambako nyumba zimebanana na nafasi ni haba, ndiko kwao hasa. Walakini kinyoya kina adui. Uzito wake ni kama gramu 5 tu, na upepo ukivuma hakimtii mchezaji tena. Kusi na kaskazi, pepo zilizosukuma majahazi ya pwani hii kwa karne nyingi, ndizo zinazokipeleka kinyoya juu ya paa la jirani.

Basi mchezo huu huomba ukumbi, na katika Dar es Salaam ukumbi una historia. Chini ya utawala wa Waingereza mji uligawanywa Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, na kiwanja cha Mnazi Mmoja kikaachwa wazi kutenga Uhindini na Kariakoo. Kinondoni na Temeke zilikua kama makazi ya Waafrika, hasa baada ya Vita Kuu ya Pili. Mchezo wa vinyoya, uliokuja na Waingereza pamoja na watu wenye asili ya India, ulikaa pale uliposhukia: Upanga na katikati ya mji, katika kumbi za jumuiya na za shule. Sisemi haya kuwalaumu waliojenga. Mtu aliyejenga ukumbi kwa michango ya watu wake hakumwibia mtu. Lakini ramani iliyochorwa kwa rangi za watu haikufa bendera iliposhushwa mwaka 1961; ingali hai katika nauli ya daladala. Kijana wa Mbagala atakaye kucheza Upanga hulipa kwenda na hulipa kurudi, na hurudi usiku. Kwa msichana, neno hilo la kurudi usiku humaliza mazungumzo yote nyumbani.

Wapo wenye huruma walioliona jambo hili, na aghalabu huruma yao huenda hivi. Raketi huletwa, wavu hufungwa katika uwanja wa shule, watoto hufundishwa siku mbili tatu, picha hupigwa, wageni huondoka. Raketi hudumu. Kinyoya hakidumu. Kile cha mashindano hutengenezwa kwa manyoya 16 ya bata au bata bukini, na wachezaji hodari huweza kumaliza vinyoya kadhaa katika pambano moja. Mwanafunzi naye hukivunja kwa kukipiga vibaya. Kile cha nailoni huvumilia zaidi, nacho pia hufika siku yake. Wiki chache zikipita raketi hutundikwa ofisini mwa mwalimu mkuu, nzima, zinang'aa, hazina kazi.

Hapa ndipo swali letu linapouma. Mtoto ambaye hajapata kuuona mchezo huu hana anachokosa. Lakini yule aliyecheza mwezi mmoja, akagundua kwamba kifundo cha mkono wake kinaweza kukipeleka kinyoya pale jicho linapotaka, amejua jambo juu ya nafsi yake, na amejua pia kwamba jambo hilo limefungiwa. Upungufu ambao haukuwapo sasa upo, na ulioumba ni wema wetu. Mwonja asali haonji mara moja. Watu huitumia methali hii kumcheka mlafi. Naiona inamhusu zaidi mwenye kushika mtungi. Kumfundisha mtu hamu ni kumwahidi, hata kama hapana neno la ahadi lililotamkwa, na ahadi ni deni.

Yupo atakayesema kwamba haifai kuzungumza juu ya vinyoya mahali ambapo wanafunzi hubanana darasani na maji hununuliwa kwa ndoo. Hoja hii ni nzito, na mtu wa Temeke ana haki zaidi ya kuisema kuliko mimi. Lakini ndani yake mna desturi mbaya: humpangia maskini zamu ya furaha. Kwanza maji, kisha madawati, kisha barabara. Na zamu ya mchezo ikifika, mtoto amekwisha kuwa mzee. Hatusemi hivyo juu ya watoto wetu wenyewe.

Mtetezi wa mchezo naye hujibu kwa hoja nyingine, ambayo naiogopa kuliko ile ya kwanza: kwamba miongoni mwa watoto hawa amejificha bingwa. Yamkini yumo. Edwin Ekiring wa Uganda alifika Olimpiki ya Beijing mwaka 2008 na ya London mwaka 2012, na hakuna sababu ya kudhani kwamba mikono ya Mwananyamala ni mizito kuliko ya Kampala. Ila hoja hii hugeuza mchezo kuwa nyavu ya kuvulia samaki mmoja. Waliosalia hurudishwa majini bila kuulizwa. Katika watoto mia, tisini na tisa hawatashinda kikombe chochote. Ikiwa haki yao ya kucheza hutegemea kikombe, basi hawana haki.

Simaanishi kwamba asiyeweza kutoa daima asitoe kamwe. Namaanisha kwamba apime zawadi kwa urefu wake, si kwa upana wake. Raketi nane na kasha la vinyoya kila mwezi ni zawadi kubwa kuliko raketi mia za siku moja. Hata upepo una dawa zake. Wamalaya walitwaa Kombe la Thomas la kwanza mwaka 1949, na Waindonesia wakalitwaa mwaka 1958. Katika nchi hizo watu huucheza mchezo huu hata uani na vijijini, penye nguzo mbili za kufungia wavu. Mwaka 2019 Shirikisho la Dunia la mchezo huu lilianzisha namna ya kuchezea nje, juu ya mchanga au majani, kwa kinyoya kinachostahimili upepo mdogo.

Na palipo na bwalo la shule au ukumbi wa kata, kinachokosekana mara nyingi ni mtu wa kufungua mlango saa kumi alasiri, kukaa na watoto, na kufunga kabla ya magharibi, ili msichana afike kwao pakiwa na mwanga. Kazi hiyo haina picha nzuri. Mwenye kuifanya ana nauli na watoto wake mwenyewe, na hawezi kuifanya kwa mapenzi tu mwaka hadi mwaka. Posho yake iandikwe kwanza katika hesabu, vinyoya vifuate, raketi ziwe za mwisho.