Mashine ya Kuchana Karatasi na Amana za Watu



Ijumaa moja baada ya swala, mwenzangu alinunua karanga za kukaanga pale Biryogo. Alipozimaliza akaikunjua karatasi iliyofungiwa, akaisoma, kisha akanipa bila kusema neno. Ilikuwa fomu ya jumuiya yetu ya kuomba msaada wa zaka. Palikuwa na jina la dada mmoja, namba yake ya simu, na mistari sita ya mkono wake akieleza kwa nini ameshindwa kulipa kodi ya chumba na yaliyowapata nyumbani kwao.

Mwaka huo katibu nilikuwa mimi. Mimi ndiye niliyetoa nje lile boksi la karatasi kuukuu, nikidhani nimefanya usafi. Nilisahau kwamba Rwanda imepiga marufuku mifuko ya plastiki tangu 2008, na karatasi ikitupwa Kigali haifi, hupata kazi ya pili.

Kamati ikaamua tununue mashine ya kuchana karatasi, nikatumwa mimi kuichagua. Nilidhani ni kazi ya kulinganisha bei tu. Haikuwa hivyo.

Ziko mashine zinazokata karatasi vipande virefu kama tambi. Ndizo rahisi, na ndizo zisizofaa kwa siri. Mwaka 1979, ubalozi wa Marekani mjini Tehran ulipotekwa, nyaraka nyingi zilikuwa zimepitishwa kwenye mashine ya aina hiyo. Wairani wakakaa wakaunganisha vipande kwa mikono, mstari kwa mstari, mpaka nyaraka zikasomeka na kuchapishwa vitabu. Aina ya pili hukata kwa urefu na kwa upana, ikatoa vipande vidogo. Kipimo cha Kijerumani kiitwacho DIN 66399, cha mwaka 2012, kimepanga madaraja saba ya karatasi, P-1 hadi P-7. Katika P-4 kipande hakizidi milimita za mraba 160. Katika P-7 hakizidi 5. Diski zina madaraja yake yenye herufi O, na si kila mashine inayokula karatasi inaweza kula diski. Sisi tulikuwa na CD kadhaa zenye picha za fomu za miaka ya nyuma, kwa hiyo tulichagua ya P-4 yenye mdomo wa pembeni wa diski.

Hapo likaja swali la fiqhi. Fomu zetu huanza kwa Bismillahi, na zimejaa majina ya akina Abdallah na Abdurahman. Tunajua kwamba Sayyidna Uthman (R.A.), baada ya kusambaza misahafu aliyoiandikisha, aliamuru maandishi mengine ya Qur'ani yachomwe. Wanazuoni wa madhehebu ya Hanafi wanapendelea kuzika mahali safi. Wa zama zetu wapo walioruhusu mashine, kwa sharti kwamba lisibaki neno linalosomeka. Nilifurahi kuona fiqhi na usalama wanadai kitu kimoja. Lakini kipande cha P-4 kinaweza kubeba neno zima, nalo likawa jina la Allah. Kwa hiyo kila karatasi yenye aya au jina lake Mtukufu tunakata sehemu hiyo kwanza na kuiweka kando izikwe. Kinachobaki ndicho kinachoingia mashineni.

Mpaka hapo mambo yalikuwa mepesi, ndugu msomaji. Ugumu ulianza siku tuliyoiwasha mashine.

Katikati ya boksi nilikuta ukurasa wa daftari: kaka mmoja alikubaliwa faranga 40,000 za vitabu. Saini ilikuwa yangu. Risiti ya kupokea haikuwepo, kwa sababu fedha hazikutolewa. Zilipangiwa jambo jingine na sote tukasahau. Mwenzangu akasema, "Hiyo ya zamani, ingiza tu." Mashine inanguruma, na nakiri kwamba mkono wangu ulikuwa mwepesi. Nilikuwa tayari na maneno ya dini ya kujitetea: kusitiri ni wema.

Lakini nilikuwa namsitiri nani? Ile fomu ya dada ilikuwa na siri yake, na kuichana kungemlinda yeye. Ukurasa huu ulikuwa na haki ya kaka, na kuuchana kungenilinda mimi. Kitendo ni kilekile, hata sauti ya mashine ni ileile, lakini kimoja ni kutunza amana na kingine ni khiyana. Surat Al-Baqara inatuamrisha katika aya ya 282 kuandika madeni, na katika inayofuata inakataza kuficha ushahidi. Anayeichana karatasi yenye deni lake ameficha ushahidi, hata kama hakufungua mdomo.

Wala nia njema peke yake haitoshi. Siku nilipotoa boksi nje nia yangu ilikuwa safi, na dada yetu akafungiwa karanga.

Sisi tunaoishi Rwanda tuna sababu zaidi ya kulifikiria jambo hili. Vitambulisho vilivyoandikwa kabila vililetwa na utawala wa Wabelgiji miaka ya 1930. Mwaka 1994, katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, neno moja kwenye kitambulisho liliamua kwenye vizuizi vya barabarani nani apite na nani auawe. Baada ya hapo neno hilo liliondolewa. Lakini nchi hiyohiyo haikuchana majalada ya Gacaca. Mahakama hizo zilifungwa mwaka 2012 baada ya kushughulikia kesi karibu milioni mbili, na mamilioni ya kurasa zake yamehifadhiwa, ingawa yamejaa mambo mazito kuyasoma. Neno la kabila lilikuwa pale kumtenga mtu, likafutwa. Majalada yana haki za waliouawa na ushahidi dhidi ya wanaokanusha, yakabaki.

Mtu atasema: basi tuhifadhi kila kitu, ndio salama. Hapana. Sheria ya Rwanda ya mwaka 2021 ya kulinda taarifa binafsi inataka taarifa za mtu zisikae kupita haja iliyozikusanya, na hata bila sheria hiyo, kuhifadhi umaskini wa watu kwenye kabati bila sababu ni kuwavua nguo polepole. Msaada ukishatolewa, kiasi na tarehe vibaki kwenye hesabu ili mweka hazina aulizwe. Ile mistari sita ya machozi ichanwe.

Kwa hiyo kabla ya kuingiza karatasi, au kufuta ujumbe kwenye simu, maana huko nako tunachana kila siku, najiuliza: siri hii ni ya nani, na nani atapoteza haki yake ikitoweka? Nikiona kwamba anayenufaika ni mimi peke yangu niliyeshika swichi, nazima.

Kaka tulimtafuta. Alikuwa amekwisha kumaliza chuo. Alilipwa faranga zake na akatusamehe kuchelewa. Dada nilimwendea nikiwa na mweka hazina wa upande wa akina dada, nikamrudishia fomu yake na kumwomba radhi. Hakunigombeza. Aliuliza tu, "Na za wenzangu ziko wapi?"

Sikuwa na jibu, na sina mpaka leo. Mashine nzuri imekaa ofisini, lakini karatasi za lile boksi la kwanza ziko mikononi mwa watu nisiowajua. Nabaki kuomba Allah awasitiri wenyewe, na anisamehe mimi, kabla ya siku ya kufunguliwa kitabu ambacho hakichaniki.

Wallahu a'lam.